Fahamu: Kemikali salama zaidi katika rangi za ngozi

Kiatu kipya kikikuwasha mguu, huenda si joto. Ngozi nyingi husindikwa kwa chumvi ya kromiamu, ambayo mchakato ukivurugwa hugeuka kuwa kromiamu-6, chanzo cha mzio mkali. Tangu Mei 2015, Umoja wa Ulaya hauruhusu ngozi inayogusa mwili iwe na miligramu 3 au zaidi za kromiamu-6 kwa kilo. Rangi za azo zinazoachia kemikali za saratani nazo ni marufuku huko.

Mbadala wa kromiamu upo, tena karibu. Magome ya miti ya miwati ya Njombe hutoa tanini ya kusindikia ngozi. Ngozi hutoka ya kahawia yenye wekundu, bila kromiamu.

Kwenye kung'arisha, mipako ya maji humpunguzia fundi mvuke mkali. Mwenye kiwanda, dai karatasi ya usalama ya kila kemikali kabla hujainunua.