Ukadiriaji wa mzigo wa mabomba ya hewa viwandani

Ukadiriaji wa mzigo wa mabomba ya hewa viwandani ni hesabu ya kujua uzito utakaobebwa na vihimili vya mabomba hayo. Mabomba yanayohusika ni yale mapana ya bati la chuma yanayofyonza vumbi kutoka kwenye mitambo na kulipeleka kwenye vichujio. Vihimili vyake huwa ni viango vinavyoning'inia kutoka kwenye paa, au nguzo zinazosimama chini.

Aina za mzigo

* Uzito wa bomba lenyewe, pamoja na viungo vyake na tabaka la kuzuia joto.
* Uzito wa vitu vilivyomo ndani, yaani vumbi lililotuama au maji.
* Mzigo wa nje, kama vile upepo, vumbi linalotua juu ya bomba na mafundi wanaolipanda.

Vumbi linalotuama

Vumbi hubaki hewani mradi hewa iende kwa kasi ya kutosha. Kwa vumbi la kawaida la viwandani, kasi hiyo ni takriban mita 18 hadi 20 kwa sekunde. Feni ikidhoofika au kichujio kikiziba, kasi hushuka na vumbi hutuama ndani ya bomba, ambapo halionekani kwa nje. Ndiyo sababu inashauriwa vihimili viweze kubeba bomba lililojaa nusu.

Mfano wa hesabu

Bomba la mviringo lina kipenyo cha mita 0.6 na bati lenye unene wa milimita 3. Densiti ya chuma ni kilogramu 7,850 kwa mita ya ujazo.

* Mzingo: 3.14 × 0.6 = mita 1.88.
* Uzito wa bati: 1.88 × 0.003 × 7,850 = takriban kilogramu 44 kwa kila mita ya urefu.
* Nusu ya eneo la ndani: mita za mraba 0.141.
* Saruji yenye densiti ya 1,500: 0.141 × 1,500 = takriban kilogramu 212 kwa mita.

Jumla ni kilogramu 256 kwa mita. Vihimili vikiachana kwa mita 4, kila kihimili cha katikati hubeba kilogramu 1,024, sawa na nguvu ya kilonyutoni 10 hivi. Anayehesabu bati peke yake hupata kilogramu 176 tu, yaani karibu moja ya sita ya mzigo halisi.

Hatari ya kukosea

Kihimili kimoja kikikatika, mzigo wake huhamia kwa jirani zake wawili. Kila mmoja wao hubeba mara moja na nusu ya mzigo wa awali. Wasipoweza, nao hukatika, na bomba zima laweza kuanguka juu ya wafanyakazi. Kwa hiyo msanifu huongeza kigezo cha usalama juu ya hesabu hii. Paa nalo hukaguliwa, kwa kuwa ndilo linalobeba viango. Milango ya kusafishia bomba hupunguza vumbi, lakini haiondoi haja ya kuhesabu uzito wake.