Rekodi moja, lugha tatu: chanjo ya mtoto kutoka Ngorongoro hadi Karatu

Tuanze na mtoto. Kazaliwa Nainokanoka, juu kule Ngorongoro, na dozi ya kwanza ya penta kaipata huko huko akiwa na wiki 6. Wiki ya 10 inafika, mama yake yuko kwa ndugu zake Karatu. Nesi wa Karatu anawasha kishikwambi na kuuliza: huyu ameshapata dozi ngapi?

Swali ni dogo, ila jibu lake linategemea programu kadhaa kuelewana. Wilaya hizi mbili zote ziko mkoa wa Arusha, na Arusha ndiko rejista ya kielektroniki ya chanjo ilikoanzia nchini, kupitia mpango wa BID wa Wizara ya Afya na shirika la PATH. Hapa sielezi mfumo ule ulivyo kwa ndani. Nachukua mazingira yake tu, yaani vituo vingi na mtandao wa kusuasua, tutengeneze mfano wetu.

Tuseme programu ya kishikwambi imeandikwa kwa Kotlin, seva kwa Python, na ukurasa wa ofisi ya wilaya kwa JavaScript. Kila moja inahitaji klasi ya data, yaani umbo la rekodi. Ifikirie kama fomu tupu yenye visanduku: namba ya mtoto, aina ya chanjo, dozi, tarehe.

Wengi wetu huandika klasi hizo kwa mkono, mara tatu. Mwanzoni mambo ni shwari. Siku moja mwenzako anabadilisha "dozi" kuwa "namba_ya_dozi" kwenye Python na kusahau Kotlin. Hakuna kengele inayolia. Programu inakosa kisanduku, inajaza 0, na sasa rekodi inasema mtoto hajachanjwa kabisa. Au namba ya mtoto: JavaScript hushika namba nzima kwa uhakika hadi 9,007,199,254,740,991 tu. Ikizidi hapo, tarakimu za mwisho zinaweza kubadilika kimyakimya, ukaishia kusoma rekodi ya mtoto mwingine.

Dawa yake ni kuandika maelezo ya rekodi mara moja, kwenye faili moja lisilo la Kotlin wala Python, kisha kuiachia kompyuta izalishe klasi zote. Chombo kimojawapo ni Protocol Buffers, kilichoanza ndani ya Google mwaka 2001 na kutolewa kwa umma mwaka 2008. Faili letu lingekuwa hivi:

message Chanjo {
  string namba_ya_mtoto = 1;
  string aina = 2;
  optional int32 dozi = 3;
  string tarehe = 4;
}

Unaendesha programu iitwayo protoc, nayo inakuzalishia klasi za kila lugha. Angalia mambo matatu. Kwanza, namba ya mtoto tumeiweka kama maandishi, kwa hiyo JavaScript haiwezi kuikata. Pili, neno "optional" linatenganisha "dozi 0" na "haijajazwa". Tatu, zile 1, 2, 3, 4 ni namba za viti: kinachosafiri kwenye mtandao ni namba ya kiti, siyo jina. Ukibadili jina, rekodi bado zinasomeka.

Sasa mtihani wenyewe. Kishikwambi cha Ngorongoro kinaweza kukaa siku nyingi bila mtandao, tena kikiwa na toleo la zamani. Kikipata mtandao kinatuma rekodi za umbo la zamani. Kwa hiyo klasi zinatakiwa zilingane hata kati ya jana na leo. Sheria ni moja: kiti kilichokwisha kukaliwa hakipewi mgeni. Ukitaka kuongeza uzito wa mtoto, mpe kiti cha 5. Programu ya zamani itakiruka na kuendelea na kazi. Ukifuta dozi na kumweka uzito kwenye kiti cha 3, dozi 1 ya jana inasomwa leo kama kilo 1.

Lakini umbo kulingana si maana kulingana. "03/04/2024" ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi? Klasi zote tatu zitaipokea bila kuguna. Hapo lazima watu wakae wakubaliane, mathalani mwaka-mwezi-siku, na waandike makubaliano hayo ndani ya faili lenyewe.

Kwa hiyo ukipewa mradi wa namna hii, anza na faili hilo kabla ya kodi yoyote, na lipitie mstari kwa mstari pamoja na nesi. Atalielewa, maana ni fomu yake. Kisha siku ile Karatu ataona "penta, dozi 1" na kuchoma ya pili. Na kisanduku kikiwa kitupu, ataona "haijulikani", amwombe mama kadi, badala ya kuamini sifuri ambayo hakuna mtu aliyeiandika.