Makengeza na Ubongo wa Mtoto

Husemwa mara nyingi kwamba mtoto mwenye makengeza aachwe tu. Akikua, macho yatanyooka yenyewe. Ni kweli kwamba macho ya mtoto mchanga huweza kuyumba katika miezi michache ya kwanza. Lakini makengeza yanayoendelea baada ya miezi 4 si jambo la kungojea.

Kila jicho huzungushwa na misuli 6 inayopokea amri kutoka ubongoni. Macho yote mawili yakielekea kitu kimoja, ubongo huunganisha picha mbili kuwa moja, na mtu huweza kukadiria umbali, kama vile anapodaka mpira. Jicho moja likielekea kwingine, picha hizo hazilingani. Hapo mtu mzima huona vitu viwili viwili. Ubongo wa mtoto, ambao ungali unajijenga, huipuuza picha ya jicho lililopinda. Kwa hiyo mtoto halalamiki, huku uwezo wa jicho hilo wa kuona ukidumaa, ingawa jicho lenyewe ni zima.

David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwa paka wachanga jinsi ubongo unavyotegemea umri. Jicho lililofungwa katika miezi ya kwanza ya maisha lilipofunguliwa halikuona ipasavyo. Paka wakubwa waliofungwa jicho hawakupata dhara hilo.

Ndiyo sababu tiba huanza mapema, ikiwezekana kabla ya miaka 7. Watoto wengine hunyooka macho kwa miwani tu. Wengine huzibwa jicho lenye nguvu kwa saa kadhaa kila siku, ili ubongo ulazimike kulitumia lile lililodumaa. Upasuaji hulegeza au hukaza misuli; hunyoosha jicho, lakini peke yake haurudishi uwezo wa kuona uliodumaa.

Mtu mzima naye aweza kunyooshwa macho kwa upasuaji. Lakini anayeanza ghafla kuona vitu viwili viwili afike hospitali siku hiyo hiyo, maana chanzo huweza kuwa ugonjwa wa ubongo au wa mishipa ya damu. Vivyo hivyo mtoto ambaye mboni yake huonekana nyeupe, kwani hiyo huweza kuwa dalili ya saratani ya jicho.

Mtoto anayekubali kuzibwa jicho moja, lakini akalia likizibwa la pili, huenda anaeleza kwa kilio asichoweza kukisema: jicho lililobaki wazi halioni vizuri.