Bustani ya mimea, bure, na watoto wako

Shule zikifungwa swali tunaloulizwa ofisini ni lile lile: watoto tuwapeleke wapi? Nyumba ni ndogo, nje kuna magari, na mahali pengi pa kucheza panataka tiketi. Familia ya watu 7 ikilipa dola 15 kila mmoja, ni dola 105 kabla ya mtu kunywa hata soda.

Jibu ninalolitoa mara nyingi ni United States Botanic Garden, bustani ya mimea ya taifa, iliyo chini ya kilima cha Bunge hapa Washington. Bunge lenyewe liliianzisha mwaka 1820, na jengo la vioo linalotumika sasa ni la mwaka 1933. Kiingilio ni bure kwa wote, wakubwa na wadogo. Wengi wenu mkiona nguzo zile na walinzi mnadhani ni ofisi ya serikali ambayo mgeni haruhusiwi. Mnaruhusiwa. Mlinzi anaweza kutazama ndani ya mkoba wako, basi. Kuingia hakuhitaji kitambulisho. Kadi yako ya kijani ibebe kama unavyotakiwa kuibeba siku zote, si kwa ajili ya bustani.

Kwa kawaida jengo hufunguliwa kila siku, hata sikukuu, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni. Hiyo ni saa yetu. Kwenye kibao na kwenye simu utasoma 10 na 5. Nalisema hili kwa sababu saa ya Kiswahili imeshawakosesha watu wengi miadi ya daktari.

Kutoka Langley Park, pandeni basi kwenye kituo kikubwa cha Takoma Langley, linaloshuka New Hampshire Avenue hadi Fort Totten. Hapo ingieni Metro ya njia ya kijani mpaka L'Enfant Plaza, kisha badilisheni mwende stesheni moja tu, Federal Center SW. Watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi, mtu mzima mmoja akiwa na wasiozidi wawili. Tumieni kadi ya SmarTrip badala ya pesa taslimu, maana ukihama kutoka basi kwenda treni ndani ya saa mbili kadi inakupunguzia nauli.

Ndani kuna chumba cha misitu ya joto chenye daraja la kupita juu, usawa wa matawi ya miti. Ukiingia humo kutoka kwenye baridi ya Januari, miwani inashika ukungu na mwili unakumbuka Uvira. Kuna migomba, kuna kahawa, kuna kakao. Mimi nilikulia kambi ya Nyarugusu, ambako bustani ilikuwa mstari wa mchicha nyuma ya nyumba, na kwenda mahali kutazama mmea ambao huutakula kungekuwa kichekesho. Sasa naona faida yake, na si faida ya mimea tu.

Katika nchi hii mtoto anakuwa mdomo wa mzazi. Anatafsiri benki, anatafsiri hospitalini, anasoma barua ya mwenye nyumba. Taratibu anaanza kuamini kwamba mama hajui kitu. Mbele ya mgomba mambo yanageuka. Mtoto aliyezaliwa kambini au hapa Maryland hajui kwamba mgomba huzaa mkungu mmoja, hukatwa, na chipukizi hushika nafasi yake. Wewe unajua. Anasoma jina la Kiingereza kwenye kibao, wewe unamweleza kahawa inavyochumwa, inavyoanikwa. Nimemsikia mvulana wa miaka 12 akimwuliza baba yake maswali nusu saa nzima, kwa Kiswahili.

Sasa madarasa. Kila msimu bustani hutoa ratiba mpya: matembezi na mwongozaji, warsha za kupanda na kutunza mimea, shughuli za watoto wadogo pamoja na wazazi. Mengi ni bure, lakini baadhi yanataka ujisajili mapema kwenye tovuti yao. Angalia maneno machache. "Free" ni bure. "Fee" ni ada, herufi moja tu inatofautisha. "Drop-in" maana yake njoo tu. "Registration required" maana yake usije bila kujisajili, na ukijisajili halafu ukashindwa kwenda, futa jina lako ili mwingine apate nafasi. Kiingereza kidogo kisikuzuie: darasa la kushika udongo ni rahisi kufuata kuliko darasa la maneno, na mtu mzima hujifunza pale maneno ambayo darasa la lugha halitamfundisha.

Kuanzia karibu na sikukuu ya Thanksgiving hadi mwanzoni mwa Januari huwa na maonyesho ya treni ndogo na majengo maarufu ya Washington yaliyotengenezwa kwa magome, mbegu na vijiti. Wikendi foleni huwa ndefu. Ukiwa na kichanga, nenda siku ya kazi asubuhi.

Msimu ukibadilika, badilisheni na mahali. Aprili na Mei, National Arboretum huko New York Avenue hujaa maua ya azalea. Julai nendeni Kenilworth kuona yungiyungi, tena asubuhi, kabla jua kali halijayafunga. Zote mbili ni bure. Brookside Gardens huko Wheaton ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Kutembea bustanini ni bure, ila maonyesho ya vipepeo na ya taa huwa na tiketi, kwa hiyo uliza kwanza.

Onyo moja kwa akina mama. Mtaona majani mnayoyajua, na mkono utawasha. Msichume, hata jani moja, hata lililoanguka. Chakula beba, lakini kulieni nje.

Anayetaka kusaidiwa kujisajili aje ofisini na simu yake, na umri wa kila mtoto, kwa sababu fomu zinauliza. Tutajaza pamoja, kisha tutaangalia njia ya basi siku hiyo hiyo.