Usimamizi wa Shauri na Ujenzi Mpya wa Maisha ya Wanawake Waliofanyiwa Ukatili Tanzania Bara

Mwanamke aliyeumizwa na mtu wa nyumbani kwake hulazimika kupita ofisi nyingi: Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi ili apewe fomu ya PF3, hospitali ili apimwe na kutibiwa, kisha mahakama. Kila ofisi humtaka asimulie upya yaliyompata, na kila safari humgharimu nauli na muda. Kwa aliyebakwa, muda huo una uzito wa pekee, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hupaswa kuanza ndani ya saa 72.

Usimamizi wa shauri hukusudia kuziba nyufa hizo. Afisa ustawi wa jamii hufungua jalada, hutathmini hatari, hupanga hatua pamoja na manusura, humpa rufaa na kufuatilia utekelezaji wake. Vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyokutanisha polisi, tabibu na afisa huyo mahali pamoja, vimesimama juu ya mantiki hiyo.

Hata hivyo, mwanamke anayelishwa na mtuhumiwa huweza kuiacha kesi kwa kuhofia njaa ya watoto. Ndiyo maana ufuatiliaji hauna budi kugusa mali. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa inayogawanywa baada ya talaka. Asipokuwapo wa kumweleza haki hiyo, mwanamke huondoka mikono mitupu. Kwa hiyo, jalada lisifungwe siku ya hukumu, bali pale anapoweza kulala salama na kujilisha.