Mwindaji na Risasi Yake

Mtu anayeomba kufundishwa uwindaji aghalabu hutaka kwanza kufundishwa kulenga shabaha. Hilo si jambo baya, lakini ni sehemu ndogo ya elimu yenyewe. Mlengaji hodari aweza kumuua mchungaji aliye nyuma ya kichaka, ama kumjeruhi nyati ambaye kesho yake atamvamia mkata kuni, ama kupeleka nyumbani nyama yenye sumu. Katika makala haya tutaeleza baadhi ya mambo ambayo mwanagenzi hana budi kuyaelewa kabla hajapakia bunduki, pamoja na sababu zake. Maana kanuni isiyojulikana sababu yake husahaulika upesi, hasa mnyama anapotokea ghafla.

Tuanze na risasi. Risasi ya bunduki ya kawaida ya kuwindia wanyama wa kadiri ina uzito wa gramu 10 hivi, nayo hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 800 au zaidi kwa sekunde. Sauti husafiri mita 340 tu kwa sekunde. Kwa hiyo mnyama hupigwa kabla hajausikia mlio. Tukipiga hesabu, nishati iliyomo katika kipande hicho kidogo ni jouli 3,200, sawa na ya gunia la kilo 100 lililoanguka kutoka kimo cha mita 3 na robo. Nishati hiyo haiishii pale alipo mnyama. Risasi ikimkosa, au ikimpenya na kutokea upande wa pili, huendelea na safari yake. Bunduki kubwa ikielekezwa juu kidogo yaweza kuitupa risasi kilometa 4 au zaidi. Na hata ile ndogo ya.22, ambayo wengine huiona kama ya kuchezea tu, hufikisha risasi zaidi ya kilometa 1.5.

Ndiyo sababu mwanagenzi hufundishwa kujiuliza, kabla ya kuuliza kama anaweza kumpiga mnyama, nyuma ya mnyama pana nini. Mteremko wa kilima au kichuguu kikubwa huimeza risasi. Mnyama aliyesimama kwenye ukingo wa kilima, mbingu ikionekana nyuma yake, asipigwe kabisa. Mawe na maji nayo ni hatari, kwa kuwa risasi ikiyagusa kwa pembe ndogo huruka na kushika njia nyingine. Mengine ni mazoea ya mkono: kuihesabu kila bunduki kuwa imepakiwa, kukiweka kidole nje ya kifyatuo hadi wakati wa kupiga, na kuitoa risasi kabla ya kuvuka kijito, kupanda mti au kuingia garini.

Sasa tumwangalie mnyama. Moyo na mapafu yake yamekaa chini zaidi kuliko anavyodhani mgeni wa kazi hii. Nyati, kwa mfano, ana nundu mabegani iliyojengwa na mifupa mirefu inayochomoza juu ya uti wa mgongo. Anayelenga katikati ya umbo lote analoliona hupiga juu mno. Mahali panapofaa ni nyuma kidogo ya mguu wa mbele, katika theluthi ya chini ya mwili, mnyama akiwa amesimama ubavu. Akigeuka, njia ya kuufikia moyo nayo hugeuka, na mara nyingi jibu sahihi ni kungoja au kumwacha aende zake.

Baada ya mlio huanza kazi ngumu zaidi. Mwindaji atazame damu: yenye povu na wekundu mwangavu hutoka mapafuni, na mnyama huyo hafiki mbali, nyeusi nzito yamkini yatoka inini, iliyochanganyika na majimaji ya kijani yenye harufu yatoka tumboni, na huyo aweza kuishi saa nyingi kwa mateso. Akifuatwa papo hapo hukimbia akaingia vichakani. Akiachwa kwa muda hulala, na mwili hupoteza nguvu. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wanaijua subira hii tangu zamani. Akishampiga mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu, Mhadzabe hamkimbilii, bali huiacha sumu ifanye kazi yake, kisha hufuata nyayo pamoja na wenzake. Mwenye bunduki angepaswa kuwaonea haya watu hawa anapokata tamaa baada ya nusu saa. Kumwacha nyati au simba mwenye jeraha ni kuwaachia wanakijiji deni lisilo lao.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya 1974, haimruhusu mtu kuwinda bila leseni, na yakataza njia kama sumu, mitego na mashimo. (Nchini Kenya uwindaji wa wanyama wa porini kwa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977.) Lakini leseni haimtambulishi mnyama. Tutazame simba. Dume mgeni anapoliteka kundi aghalabu huwaua watoto wadogo waliozaliwa na dume aliyemtangulia. Kwa hiyo kumpiga dume kijana mwenye familia ni kuwaangamiza na watoto wake. Mwaka 2004 Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao, wakitumia kumbukumbu za miaka mingi za simba wa Tanzania, walionyesha kwamba madume vijana wakiachwa, hadi wapate miaka 5 au 6, uwindaji hauwezi kuleta madhara makubwa kwa idadi yao. Kanuni za Tanzania zikaweka miaka 6. Alama moja ya umri ni pua: ya kijana ni ya waridi, na weusi huongezeka kwa madoa mwaka hata mwaka. Asiyeiona pua vizuri kwa darubini hana ruhusa ya kubahatisha.

Imebaki nyama. Mnyama aliyekutwa amekufa, hasa mwenye damu nyeusi isiyoganda puani au mdomoni, asichanwe wala kuguswa. Huenda ni kimeta, na mbegu za vijidudu vyake, zikipata hewa, huishi ardhini kwa miaka makumi. Jambo la pili limejificha katika lugha yetu, kwani neno risasi ni jina la kile kinachopigwa na pia la madini laini kinachotengenezewa. Madini hayo yakigonga mfupa kwa kasi hupasuka vipande vidogo mno, vingine visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutawanyika nyamani mbali na tundu la jeraha. Ni sumu kwa ubongo wa mtoto, hata kidogo chake, na moto wa jikoni hauiondoi. Nyama iliyozunguka jeraha ikatwe kwa upana na kufukiwa, wala asipewe mbwa; ama mwindaji atumie risasi za shaba tupu, ambazo ni ghali zaidi lakini hubaki karibu nzima.