GARI JIPYA LIKILETA MATATIZO

Ndugu msomaji, je, kijiji chako au chama chako cha ushirika kina gari? Kama hakina, huenda kesho kikawa nalo. Gari linalopita njia mbaya ni mali kubwa kijijini. Hubeba mbegu, mbolea na mazao. Usiku wa mvua humfikisha mama mjamzito hospitali. Gari hilo likilala, mambo mengi hulala nalo.

Watu wengi hudhani kuwa gari jipya haliwezi kuharibika. Hivyo sivyo. Gari lina vyuma vingi, na vyote vimefungwa na watu au mashine. Kimoja kikiwa na kasoro, gari litalia hata kama lina wiki moja. Tena gari jipya huweza kusumbua kwa sababu sisi wenyewe hatujajua kulitumia. Mwezi huu tujifunze la kufanya gari jipya linaposumbua.

CHAMA KIMOJA NA GARI LAKE

Tuchukue mfano wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa. Wanachama walikatwa fedha katika mauzo yao kwa misimu mitatu. Fedha zilipotosha wakanunua pikapu mpya ya dizeli, ile inayoweza kuvuta kwa magurudumu yote manne. Siku ilipofika kijijini akina mama walipiga vigelegele. Watoto waliikimbilia hadi ofisini.

Wiki ya tatu furaha ilipungua. Gari lilikuwa na matatizo matatu.

La kwanza, dereva alipoondoa gari, chini kulisikika mlio: ko! ko! Akitia gia ya kurudi nyuma, mlio ulirudi.

La pili, taa ya manjano iliwaka mbele ya dereva na gari likakosa nguvu mlimani.

La tatu, usukani ulikuwa mzito kwenye lami, na mkono wa kubadili magurudumu manne kuwa mawili ulikwama.

Mkutano uliitishwa. Maneno yakawa mengi.

"Tumeuziwa gari bovu," alisema mmoja.

"Tumwite fundi wetu alifungue leo leo," alisema mwingine. "Kahawa inasubiri."

Ndipo akasimama mzee mmoja, mlinzi wa ghala. Mzee huyu alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la kisomo. Mkononi alikuwa na kijitabu kilichokuja na gari. Kilikuwa kimetupwa chini ya kiti.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "mimi nasoma polepole, lakini jambo hili nimelisoma mara mbili. Hapa pameandikwa kuwa gari lina dhamana. Pameandikwa pia kuwa kitu kikifunguliwa na fundi asiye wa wakala, kikaharibika, dhamana ya kitu hicho inaweza kukataliwa. Kwa nini tulipe sisi kabla hatujamwuliza aliyetuuzia?"

Mkutano ulinyamaza. Kisha Katibu akasema, "Mzee, tusomee tena."

DHAMANA NI NINI?

Dhamana, ambayo wengine huiita waranti, ni ahadi ya maandishi. Mwenye kiwanda anaahidi kuwa kitu chenye kasoro ya kiwandani kitatengenezwa au kubadilishwa bila malipo. Lakini ahadi hiyo ina mwisho. Mara nyingi mwisho hupimwa kwa muda na pia kwa kilomita.

Kwa mfano, kijitabu kinaweza kusema: miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Maana yake ni hii. Gari likitimiza kilomita 100,000 katika miaka 2, dhamana imekwisha. Likitembea kilomita 40,000 tu katika miaka 3, dhamana nayo imekwisha. Soma kijitabu cha gari lako, maana kila kiwanda kina masharti yake.

Dhamana haihusu kila kitu. Vitu vinavyolika kwa kazi, kama tairi na pedi za breki, mara nyingi havimo. Uharibifu unaotokana na dizeli chafu, ajali au kuzidisha mizigo nao haumo. Tena mwenye gari anatakiwa kulipeleka kwenye matengenezo ya kawaida kwa wakati. Asipofanya hivyo, anaweza kukataliwa hata kama ana haki.

KWENDA KWA WAKALA

Chama kiliamua kulipeleka gari kwa wakala mjini. Wakala ni yule aliyeruhusiwa na kiwanda kuuza magari yake na kuyatengeneza. Kabla ya kuondoka Katibu alifanya mambo manne. Nawe yaige.

1. Aliandika kila tatizo kwenye karatasi: linatokea lini, njia gani, gari likiwa na mzigo au tupu. Hakuandika "gari bovu". Fundi hawezi kutengeneza neno "bovu".

2. Aliandika kilomita zilizosomeka kwenye gari: 1,180.

3. Alichukua kijitabu cha dhamana, kadi ya gari na stakabadhi ya kununulia.

4. Alimchukua dereva. Anayeusikia mlio kila siku ndiye anayeweza kuueleza. Kama una simu yenye uwezo huo, rekodi mlio wenyewe. Magari mengi hunyamaza yakifika mbele ya fundi, kama mtoto mgonjwa anayecheka akimwona daktari.

Karakanani mpokeaji aliandika matatizo yote matatu kwenye fomu ya kazi. Katibu aliisoma fomu kabla ya kutia sahihi. Aliona tatizo la mlio halikuandikwa vizuri, akaomba lirekebishwe. Akapewa nakala. Kumbuka jambo hili: kisichoandikwa kwenye fomu ni vigumu kukidai baadaye.

FUNDI ALIONA NINI?

Fundi alianza na taa ya manjano. Magari mengi ya siku hizi yana kompyuta ndogo inayoangalia injini. Fundi wa wakala huunganisha chombo chake na kusoma kosa lililohifadhiwa humo. Hapa kosa lilikuwa maji kwenye dizeli. Chama kilikuwa kinaweka dizeli kwenye mapipa nje ya ghala, na mvua ilikuwa inaingia kwenye vifuniko. Fundi alimwaga maji, akasafisha mfumo na kubadili chujio la dizeli. Chama kililipia kazi hiyo, kwa sababu kosa halikuwa la kiwanda. Fundi alisema wana bahati. Maji yakifika kwenye pampu na nozeli huweza kuziharibu, na vifaa hivyo ni vya bei kubwa.

Kisha akamwuliza dereva, "Ukiwa kwenye lami unatumia magurudumu mangapi?"

"Yote manne," alijibu dereva. "Si ndiyo nguvu ya gari?"

Fundi alimweleza hivi. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope au mchanga tairi huteleza kidogo, na tofauti hiyo haileti shida. Kwenye lami kavu tairi haziwezi kuteleza kwa urahisi. Basi kwa gari la aina yao vyuma hukazana, usukani huwa mzito, tairi hulika na mkono wa kubadilishia hukwama. Ukikwama, rudi nyuma mita chache kwa kunyoosha usukani, kisha jaribu tena. Kwenye lami kavu tumia magurudumu mawili. Manne ni ya tope, mchanga na utelezi. Tatizo hilo halikuhitaji spana wala shilingi. Lilihitaji maelezo tu.

Zipo aina nyingine za magari zilizotengenezwa kuvuta kwa magurudumu manne wakati wote. Kwa hiyo soma kijitabu cha gari lako.

Ukabaki mlio. Fundi alikaza nati zilizolegea, akatia grisi kwenye viungo vya propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Mlio ukapungua. Chama kikarudi nyumbani.

MLIO UNARUDI

Siku ya nne mlio ulirudi: ko! ko! Wengine walivunjika moyo. "Hawa wanatuzungusha," walisema. "Tumepoteza dizeli bure."

Ndugu msomaji, hapa ndipo wengi hukosea. Hukasirika, wakakaa kimya, na gari likaendelea kutumika hadi kitu kikakatika njiani. Wengine hufungua gari wenyewe, wakapoteza haki yao. Usifanye hivyo. Tatizo likirudi, nawe rudi.

Katibu alimpigia simu wakala, akataja namba ya fomu ya kwanza. Akapewa siku. Safari hii aliomba jambo moja kwa upole: "Ndugu yangu, tafadhali panda gari pamoja na dereva wetu. Mwende kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo. Huku kwenye uwanja wenu wa saruji mlio hausikiki."

Fundi alikubali. Hawakufika mbali. Alirudi, akaingia chini ya gari na kukitikisa kiungo kimoja cha propela kwa mkono. Kilicheza. Ndani yake beringi ndogo ilikuwa imeharibika. Gari halikuwa limefikisha hata kilomita 2,000, na hakuna aliyelifungua. Hiyo ilikuwa kasoro ya kiwandani. Kiungo kilibadilishwa kwa dhamana. Chama hakikulipa chochote kwa kazi hiyo.

Mlio ukaisha. Wiki ile ile gari lilibeba kahawa. Na usiku mmoja lilimchukua mama aliyeshikwa na uchungu, likavuka tope na kumfikisha hospitali salama. Kiungo kile kingekatika njiani usiku ule, nani angemsaidia?

MATUNZO YASIYOHITAJI WAKALA

Yapo mambo ambayo dereva anaweza kuyafanya mwenyewe kila siku.

Asubuhi, kabla ya kuwasha, apime oili ya injini gari likiwa mahali tambarare. Aangalie maji ya radieta injini ikiwa baridi. Asifungue kifuniko cha radieta ikiwa moto, kwani maji ya moto yataruka na kumwunguza. Aangalie tairi, nati za magurudumu na chini ya gari kama kuna oili inayovuja.

Katika barabara za vumbi, chujio la hewa huziba upesi kuliko mjini. Injini isipopata hewa safi hukosa nguvu na hula dizeli nyingi.

Baada ya kuvuka mto wenye maji mengi, mwambie fundi aangalie oili ya difu. Difu ya moto ikizama kwenye maji baridi inaweza kuvuta maji ndani. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, ujue maji yameingia. Ibadilishwe mara moja.

Dizeli ya mapipa iwekwe ndani, vifuniko vikiwa vimekazwa.

Na fundi wa kijijini je? Usimdharau. Ataziba pancha, atabadili tairi, na dhamana ikiisha atakuwa msaada mkubwa. Lakini wakati wa dhamana, asifungue injini, giaboksi wala difu bila wakala kukubali.

PIGA HESABU

Kijitabu kikisema gari lifanyiwe matengenezo kila kilomita 5,000, na mara ya mwisho lilikuwa na 10,240, basi safari nyingine ni 15,240. Andika namba hiyo na uibandike mbele ya dereva. Ikiwa kwenda mjini na kurudi ni kilomita 120, gari litafikisha 5,000 baada ya safari 42 hivi. Chama kiweke akiba kidogo kila safari, ili siku ya matengenezo fedha ziwepo.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Gari nalo liwe na daftari lake. Andika tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika na fedha zilizolipwa. Tunza kila stakabadhi.

WAKALA AKIKATAA

Wakala akikataa dai lako, mwombe aandike sababu. Muulize meneja wake. Ukiona bado hukutendewa haki, tafuta ushauri kwa Ofisa Ushirika wa wilaya. Tanzania Bara ipo pia Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Moja ya kazi zake ni kumlinda mlaji. Lakini popote utakapokwenda, swali la kwanza litakuwa: maandishi yako wapi?

Kile kijitabu cha chama hakiko tena chini ya kiti. Kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, na ufunguo wa kabati lake anao mzee mlinzi wa ghala.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kati ya matatizo matatu ya gari la chama, lipi lilikuwa kosa la kiwanda? Mengine yalitokana na nini?

2. Kwa nini si vizuri kutumia magurudumu manne kwenye lami kavu?

3. Gari lilifanyiwa matengenezo likiwa na kilomita 25,310. Likitakiwa kurudi kila kilomita 5,000, litarudi likiwa na kilomita ngapi?

4. Je, mashine ya kusaga, pampu ya maji au pikipiki ya kijiji chenu ina kijitabu? Nani anakitunza?